Mlezi kwa Mujibu wa Karatasi

Jumatatu asubuhi mwalimu wa historia alibana nakala za hati ya mauzo ya watumwa ndani ya daftari la mahudhurio zisije zikapeperuka, kisha akarudi kumalizia chai yake. Kiranja wa darasa, msichana asiye na subira, akaanza kuita majina. Alipofika mwisho wa orodha hakuinua macho, akaendelea na karatasi iliyofuata kwa sauti ileile: "Msichana, miaka kumi na miwili, kovu goti la kushoto."

"Nipo," mtu akajibu kutoka dawati la nyuma.

Kiranja akamwekea alama ya vema, akafunga daftari.

Mwalimu alipoingia alimkuta mtoto wa dawati la nyuma amekaa vizuri, amejifunga kipande cha shuka. Akamtafutia sare kwenye kabati la vitu vilivyosahauliwa. Ilimpwaya, lakini si haba. Kilichowasumbua wanafunzi ni maamkizi: mtoto huyu alikuwa na miaka kumi na miwili, ila alikuwa nayo tangu miaka mia mbili iliyopita. Nusu ya darasa wakamwamkia shikamoo, nusu wakampa mambo, na yeye akaitikia zote. Mwishowe wakamwita Bi Goti.

Somo likaendelea. Mwalimu akauliza ni nani waliotia saini hati ile. Muuzaji, mnunuzi na shahidi, wakajibu.

"Na nani hakutia?"

Wote wakageuka nyuma.

"Yule mwandishi alikuwa na mafua," Bi Goti akasema. "Hilo doa pembeni ni chafya yake. Alinitazama meno, akanitazama goti, akaandika. Jina hakuuliza."

Akawatajia. Lilikuwa jina zuri, na darasa zima likalirudia. Kiranja akachomoa kalamu alitie daftarini, mwalimu akamzuia: majina huingizwa na ofisi. Akamwahidi Bi Goti kuwa kabla orodha ya mtihani haijapelekwa Ijumaa, jina lake litakuwa limeandikwa, liwe liwalo. Bi Goti akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Alhamisi mwalimu na Bi Goti wakaenda ofisini.

"Cheti cha kuzaliwa?" karani akauliza.

"Hana."

"Basi karatasi yoyote yenye muhuri."

Karatasi yenye muhuri ilikuwa moja tu. Roho ilimsuta mwalimu, lakini Ijumaa ilikuwa kesho, akaitoa. Karani akausifu mwandiko, akaanza kujaza fomu. Penye jina la mwanafunzi akanakili umri na kovu. Penye jina la mlezi akaandika la mnunuzi.

"Huyo si mlezi, jamani! Alimnunua!"

"Mwalimu wangu, mimi si hakimu. Naandika kilichoandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari."

"Muulize jina mwenyewe. Si huyo hapo mlangoni?"

"Watoto husema mengi," karani akasema, akagonga muhuri.

Mwalimu akamwambia Bi Goti watalirekebisha baada ya mtihani.

Wiki iliyofuata barua za mkutano wa wazazi zikatumwa kwa walezi wote, kama kawaida. Mlezi wa Bi Goti alifika saa tatu kamili, jambo ambalo wazazi wengi walio hai hawaliwezi. Alivaa koti zito na viatu vilivyong'aa. Akatia saini kitabu cha wageni, akasifu usafi wa choo, akasema amekuja kumchukua binti. Mkuu wa shule akalinganisha saini na ile ya kwenye hati. Haikutofautiana hata mkia, akamwandikia kibali cha kutoka.

Mwalimu akasimama mlangoni mwa darasa, mikono huku na huku. "Hatoki mtu hapa."

"Mwalimu, usituletee balaa," mkuu akasema. "Karatasi si uliileta wewe mwenyewe?"

Ni kweli aliileta. Mikono ikamshuka yenyewe. Bi Goti akavua sweta la shule, akalikunja, akaliweka juu ya dawati.

"Usilie, mwalimu," akasema. "Hata mara ya kwanza karatasi zilikuwa sawa."

Mlezi akamshika kifundo cha mkono, si kiganja, wakakata uwanja taratibu huku wanafunzi wakiliita jina lile alilowatajia kutoka madirishani. Getini mlinzi akawasimamisha, kwa kuwa kazi yake haifanyii mchezo. Akakisoma kibali mbele na nyuma, akauona muhuri, akafungua.