Picha ya Kona Isiyo na Taa

Mtaani walimwita Ng'arisha, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Miaka ishirini na miwili ndani ya studio yake yenye pazia la bluu, hakuna mteja aliyetoka na picha ya giza. Uingie umenuna, macho yamevimba kwa usingizi, utatoka unang'aa. Picha iliyoharibika aliifuta pale pale kabla mteja hajainuka kitini. Kazi mbovu, alisema, hataki kulala nayo nyumba moja.

Basi mdogo wake, dereva wa gari la mikate, alipomgonga mtu alfajiri kabla hakujapambazuka, na mtu yule akafa, wakili hakuhangaika kutafuta mpiga picha mwingine.

"Kwenye kona ile taa za gari zinamulika shamba la mahindi, barabara haziioni," wakili alimweleza huku akipekua majalada ya kesi nyingine. "Marehemu alikuwa anakokota baiskeli, haina taa. Mdogo wako anasema hakuona kitu, na mimi namwamini. Lakini hakimu ni mtu wa mjini, usiku wake una taa kila nguzo. Niletee hilo giza alione."

Ng'arisha akaenda na shemeji yake, mke wa dereva, mwanamke aliyekuwa hali wala halali tangu mumewe ashikwe. Alivaa gauni la kahawia lenye vifungo vyeupe. Walizima taa za gari, akamsimamisha pale pale alipoangukia marehemu. Giza lilikuwa totoro.

"Shemeji, umesimama wapi?"

"Si hapa mbele yako! Nyoosha mkono."

Alinyoosha mkono akamgusa bega, wote wawili wakashtuka.

Akarudi nyuma hatua ishirini, akapiga picha sita. Akazitazama kwenye kioo cha kamera: nyeusi tii, zote sita. Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Laiti kungekuwa na mtu wa kumshika mkono ampeleke nyumbani akalale! Lakini Ng'arisha aliona haya. Ampelekee wakili karatasi nyeusi? Si watasema amesahau kuvua kifuniko cha lenzi? Tena hii haikuwa kazi ya mpita njia, ilikuwa maisha ya mdogo wake, aliyemlea tangu ana miaka saba. Kama kuna picha aliyopaswa kuipatia maishani, ni hii.

Akaifunga kamera kwenye stendi. "Shemeji, usitikisike, hata mbu akikuuma." Akaiacha lenzi wazi nusu dakika nzima, izoe kila chembe ya mwanga wa nyota. Picha ilipotokea, alikaribia kupiga vigelegele. Barabara imenyooka hadi kwenye kona, mahindi yanahesabika jani kwa jani, na shemeji yake yupo pale na vifungo vyake vyote.

"Umepatia?" mwanamke aliuliza kutoka gizani.

"Nimepatia mpaka basi."

Zile sita akazifuta hapo hapo barabarani, kama alivyozoea.

Wakili aliipokea bahasha akiwa mbioni kuingia kortini. Aliitazama picha juu juu, akaona kona, akaona saa iliyoandikwa nyuma, akaitia kwenye jalada. Wiki mbili baadaye, kwa malalamiko ya watu wa pale, nguzo nne za taa zikasimikwa kwenye kona ile.

Siku ya kesi, mwendesha mashtaka aliishika picha kwa ncha za vidole, kwa adabu kubwa.

"Umeipiga wewe?"

"Ndiyo."

"Usiku? Bila flashi, bila taa ya gari?"

"Bila taa yoyote."

"Unamwona huyu mama?"

"Namwona."

"Mhesabie mheshimiwa vifungo vyake."

Ng'arisha akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, kamera siyo jicho. Niliiacha wazi nusu dakika, ndiyo maana..."

"Jibu ulichoulizwa," hakimu alisema, wala hakusema kwa ukali.

"Sita."

Wakili, jasho likimtiririka, akasimama kumwokoa. Je, hakupiga picha nyingine usiku ule?

"Nilipiga sita."

"Ziko wapi?"

"Nilizifuta."

"Kwa nini?"

"Zilikuwa nyeusi."

Watu wachache wakacheka. Kadi ya kamera ilikuwa imeshapigiwa harusi tatu tangu hapo, hata kuzirudisha haikuwezekana. Wakili aliomba mahakama iende ikaone mahali penyewe. Mwendesha mashtaka akasema waende tu, hata leo, maana taa zipo. Ng'arisha aliendelea kusimama pale mdomo wazi, ana maneno tele ya kusema na hakuna aliyemuuliza.

Miaka mitatu, hakimu alisema.

Waliruhusiwa dakika chache kwenye korido, askari akiwa kando. Shemeji alilia kimya kimya. Ng'arisha alijiandaa kutukanwa, kwa kweli alitamani atukanwe, lakini mdogo wake alikuwa anamtazama kwa upole, kama mtu anayefikiria jambo la mbali.

"Kaka, nilikuwa naapa sikumwona," alisema. "Hata usingizini nilikuwa naapa. Kumbe alikuwa anaonekana vile."

"Hapana, mdogo wangu, nisikilize. Ile ni kamera. Mimi nilikuwepo, sikumwona hata mkeo, nilimpapasa. Muulize!"

"Usinifariji, kaka. Picha nimeiona kwa macho yangu." Akanyoosha mikono askari amfunge. "Nadhani nilisinzia."