Sanduku la Vitambaa

Msichana tuliyemchukua kumlea tunamwita Bibi, kwa jinsi alivyo mzito wa maneno na mwepesi wa kununa. Ana miaka saba. Amewahi kuning'ata mkono nilipomwamsha ghafla, na kuna siku alivunja sahani zote za kabatini bila kusema kwa nini. Wifi yangu hakunificha: "Wifi, huyo usimwache peke yake na kichanga chako." Nilimjia juu, lakini tangu siku hiyo usingizi wangu ukawa wa mang'amung'amu.

Asubuhi ile alikuja mteja na gauni nililomshonea, analalamika kwamba zipu imepinda. Zipu ilikuwa sawa. Mwili ndio ulioongezeka. Nilimwambia hivyo hivyo. Akanitolea maneno, nami sina simile. Sauti yangu ikipanda, mtaa mzima unaisikia. Tulirushiana maneno mpaka akaondoka akibamiza mlango.

Nilipoingia chumbani, kitanda cha mtoto kilikuwa kitupu.

Nilitafuta uvunguni, bafuni, nyuma ya pazia. Bibi nilimkuta chumba cha kushonea, amekaa juu ya sanduku la bati ninamoweka vitambaa, amekumbatia magoti.

"Mtoto yuko wapi?"

Kiatu kimoja cha Bibi kilikuwa kimebanwa kwenye mfuniko wa sanduku.

Nilimsukuma, nikafungua. Mwanangu alikuwa amelala juu ya mabaki ya pamba, amefunikwa vizuri hadi kidevuni. Nilimtegea sikio kifuani. Alikuwa anapumua. Nilimkumbatia nikalia kama mtoto.

"Kwa nini, Bibi? Angekufa."

"Hafi," alisema, akiokota kiatu. "Ukiweka kiatu, hewa inaingia. Mimi nilisahau siku moja nilipojificha, nikaona giza lingine."

Alisimama ukutani, akautazama mlango, kisha akaninong'oneza:

"Mama, yule wa kelele ameshaondoka?"

Nilitaka kumwambia kwamba mteja ameenda zamani. Lakini macho yake yalikuwa kwenye mdomo wangu, na alikuwa amesimama pale ambapo mkono wangu haufiki.

"Ameondoka," nilimnong'oneza.

Bibi hakusogea.