Kandambili za Meli

Meli za anasa zina adabu moja: abiria akinunua kinywaji huitwa mgeni wetu mpendwa, akivunjika mfupa huitwa mzembe. Mama mmoja, fundi cherehani, aliijua adabu hiyo akiwa amelala chali katika zahanati ya meli, nyonga ya kulia imevunjika, akisubiri wenye suti waamue kama alianguka au alijiangusha.

Asubuhi hiyo alikuwa akipita kando ya bwawa la kuogelea. Sitaha ilikuwa imetoka kusuguliwa kwa sabuni, wala hapakuwa na kamba wala kibao cha kumtahadharisha mtu. Mwanawe wa pekee alikuwa ametangulia. Naye aliteleza papo hapo, akadaka kiti, akacheka, akaendelea na safari zake bila kugeuka. Mama yake hakupata cha kudaka.

Daktari wa meli alisema wazi kwamba mfupa ule unataka upasuaji leo hii, katika hospitali ya bandari watakayofika mchana. Ukingoja mpaka warudi nyumbani, mguu huo hautakanyaga tena pedali ya cherehani. Na mguu huo ndio uliomsomesha mwana mpaka akapata ofisi na kitambi. Lakini hospitali haikubali mgeni bila ahadi ya malipo, na meli italipa tu kama kosa ni la meli.

Ndipo akaja afisa usalama, bwana aliyepigwa pasi mpaka uso, hodari wa kuuma na kupuliza. Alimpa mama pole, akampa na maua, kisha akamwita mwana pembeni. Pembeni yenyewe ilikuwa nyuma ya pazia, na mgonjwa alisikia kila neno.

"Ingekuwa ni viatu vyake tu," afisa alisema, "tungeyamaliza kirafiki. Kuna chumba cha juu, kiko wazi. Wewe na mkeo mngehamia leo."

"Kile chenye beseni kubwa la maji moto?" mwana akauliza.

Hakuuliza habari ya mguu. Aliuliza beseni. Mtu mzima ana mabeseni tele kwake, anauza nyonga ya mama yake apate jingine.

Pazia likavutwa. Mwana akaja na uso wa huruma, wa kuazima.

"Mama, tusibishane na watu. Funika kombe mwanaharamu apite. Nimeshawaambia ni zile kandambili zilizokuangusha, nawe sema hivyo hivyo. Mfupa utaunga tu, wewe una damu nzuri."

Moyo ulimuuma kuliko nyonga. Alitamani kumchapa kofi, kama zamani, ila mkono haukufika.

"Haya," akamwambia afisa. "Ni kandambili."

Mwana akashusha pumzi.

"Mimi nilikuja na raba zangu. Mlinzi wenu akanizuia, eti bwawani hapiti mtu bila kandambili za meli. Huyu mwanangu akaninunulia dukani kwenu. Sasa baba, kama kosa ni la kandambili, mwenye kandambili ni nani?"

Daktari, aliyekuwa akijifanya anapanga vidonge, aliinama chini ya kitanda, akazitoa, akaziweka mezani. Nembo ya meli ilikuwa juu, kubwa, ya dhahabu. Afisa akaitazama kama mtu aliyemkuta mkwewe baa.

"Ulizinunua hapa?" akamuuliza mwana.

Mwana akakubali kwa kichwa. Beseni lilikuwa limekwisha kwenda na maji yake. Afisa akakohoa, akasema meli itagharamia kila kitu.

Mchana walitia nanga. Gari la wagonjwa lilikuwa na nafasi ya ndugu mmoja wa kumsindikiza mgonjwa. Mwana akakuna kichwa.

"Mama, leo usiku tumealikwa meza ya nahodha, mimi na mke wangu. Na meli haingoji mtu. Tutakupigia."

"Haya, mle vizuri," mama akasema.

Hospitalini, kabla ya kumwingiza chumba cha upasuaji, muuguzi alimuuliza wampigie ndugu gani endapo mambo yatakwenda vibaya.

"Wapigieni wenye meli," mama akasema. "Wao angalau wamelipa."