Kabati Lililochomwa Sindano

Mtaa mzima wa Makanyagio ulijua kwamba fundi Stanslaus anachapa kabati jipya kwa mnyororo wa baiskeli, na kila aliyepita alikuwa na lake la kusema. Verdiana, anayekaanga maandazi ng'ambo ya barabara, alisema labda lilimtukania mke.

Halikumtukania mtu. Lilikuwa la mninga, mbao alizozianika kivulini mwaka mzima akizigeuza kama mgonjwa asiyejiweza. Lakini Richard, anayejenga loji kwenye njia ya mbugani, alikuwa amemwonyesha picha kwenye simu.

"Fundi, mie sitaki linalong'aa kama la bi harusi. Nataka lililokula chumvi. Mgeni akiliona aseme hili limerithiwa."

Likimpendeza hilo moja, Stanslaus angetengeneza samani za vyumba vyote kumi na viwili. Tangu Krismasi hakuna aliyemwomba kitu zaidi ya majeneza na fremu za milango. Basi akachapa. Akasugua kwa chai ya rangi iliyokolea. Mwisho akashika drili, akatoboa vitundu vidogo vidogo kama mbao iliyobunguliwa. Miaka ishirini anapiga randa ili mbao iwe laini kama shavu la mtoto, leo anaitia ndui kwa mkono wake. Kila kitundu kilimuuma.

Jumamosi asubuhi, siku ya Richard kuja kuliona, Stanslaus alikwenda sokoni mjini kutafuta bawaba za shaba. Aliporudi, harufu ya gereji ilimpokea kabla hajafika uani.

Mama mkwe wake, Mayu Minza, aliyeingia juzi kutoka Inyonga na madumu mawili ya asali, alikuwa amechuchumaa mbele ya kabati. Mkononi ana sindano ya kuchomea ng'ombe, pembeni kopo la oili chafu. Anavuta oili, anachoma kitundu, anahamia kingine.

Stanslaus alisimama mbali, macho chini. Yeye ni Mfipa, lakini aliyeoa kwa Wasukuma hujifunza haraka: mama mkwe hakaripiwi, hata usoni hatazamwi.

"Doto," alimwita mkewe, "mwulize mayu anafanya nini."

Doto alikuwa ndio kwanza anatua ndoo ya maji. "Mayu, baba Agape anauliza unafanya nini."

"Mwambie namtibia kabati lake. Limejaa wadudu. Verdiana kaniambia leo linakuja kuchukuliwa na tajiri. Nyie mnataka ukoo wetu usemwe kwamba tunauzia watu mbao mbovu?"

"Anasema anatibu," Doto alisema taratibu, hamtazami mumewe.

"Nimesikia. Mwambie... mwambie ahsante."

"Mwambie nimebakiza mlango mmoja."

Akaumaliza. Stanslaus alikaa juu ya gogo akiwa na bawaba mapajani. Kupiga randa kusingesaidia. Oili ilikuwa imezama hadi ndani ya rafu. Aliuma kucha. Angekuwa mtoto wake angemfokea, angekuwa jirani wangekunjana mashati. Huyu alimpa mke.

Richard alifika saa tisa kwa bodaboda, na shuka jeupe la loji kwapani ili aone kama litaenea kwenye rafu. Alilizunguka kabati akitabasamu, akagusa makovu ya mnyororo, akasema, "Hapa umeua, fundi." Kisha akaweka shuka. Alipolitoa lilikuwa na madoa meusi kama chui. Akanusa.

"Nani kafanya hivi?"

Verdiana aliacha kugeuza maandazi. Mayu alisimama mlangoni, kanga imekazwa kiunoni, anangoja kusifiwa. Stanslaus alijua Richard si mkorofi. Angeambiwa ni kosa la bibi aliyedhani mbao inaumwa, angecheka na kuongeza wiki mbili. Lakini kicheko hicho kingefika Inyonga kabla ya basi la kesho.

"Ni mimi."

"Wewe? Kwa nini?"

"Niliogopa wadudu."

Richard alimkazia macho. "Matundu umetoboa mwenyewe, fundi, halafu unaogopa wadudu?" Akalikunja shuka lake. "Hapana. Vyumba kumi na viwili siwezi kukuachia."

Bodaboda ikaondoka. Verdiana akarudi kwenye maandazi yake, mawili yameshaungua. Stanslaus alizifunga bawaba kwenye gazeti, akalifungua, akalifunga tena.

"Doto," Mayu aliita kutoka mlangoni, "yule tajiri mbona kaliacha?"

Doto alimtazama mumewe. Mumewe alitazama ardhi.

"Hakulipenda, mayu."

"Basi nitaondoka nalo mimi. Limeshapona hilo. Na mwambie mwenzio aache kununua mbao zenye wadudu. Mwezi ujao nitakuja na sindano kubwa zaidi."

"Mwambie ahsante," alisema Stanslaus.