Vipande vya Boksi Chini ya Panya

Hakuwa na shahada, hakuwa na koti jeupe, hakuwa na meno mawili ya mbele, na tangu mwaka jana ni kama hakuwa na nyayo: zilikuwapo, ila hazikusikia kitu. Alichokuwa nacho Mzee Kalamu ni cheti cha shule ya jioni, na panya arobaini wa maabara aliowatunza kama wajukuu.

Mtafiti, binti wa rika la kitinda mimba wake, aliwapa nusu yao dawa ya kisukari, aone kama inapunguza vitamini B12 mwilini. Miezi minne, damu za makundi yote mawili zilikuwa sawa.

"Mzee wangu, wiki ijayo nafunga kazi," alisema. "Panya wako wamenigomea."

Sakafu za vizimba zilikuwa za waya, kinyesi kidondoke chini. Yeye, kwa huruma, alikuwa ametandika vipande vya boksi, kinyesi kikabaki juu yake. Na jana, katika kitabu alichoazimwa na binti huyohuyo, alisoma kwamba panya hupata B12 kwa kula kinyesi chake. Kusema kungeweza kumtoa kazini.

"Kosa ni langu," alisema, akaeleza yote.

Binti alifunga daftari. "Kwa nini uliwatandikia?"

"Waya unaumiza nyayo. Zangu zimekufa ganzi, najua tabu ya miguu."

"Ganzi? Unameza dawa gani?"

"Hiyohiyo ya panya wako. Mwaka wa nane huu."

Binti alicheka, kisha akaacha. "Babu, miezi minne natafuta panya wa kunipa jibu, kumbe ndiye anayenifagilia chumba."

Alimpeleka mwenyewe kupimwa. B12 ilikuwa chini kabisa; upungufu huo ndio ulioleta ganzi ya nyayo. Akaanzishiwa sindano, dawa ya kisukari akaambiwa asiiache. Maboksi yakatolewa, utafiti ukaanza upya, na Mzee akabaki kazini na funguo zake.

Binti alikuwa ameshahamia kituo kingine siku Mzee alipoosha chumba pekupeku, akasikia baridi ya saruji. Alisimama pale mpaka ndoo ikafurika.

Jioni aliandika: "Mwanangu Daktari, leo nimekanyaga kokoto nikaumia. Ahsante sana." Akasoma mara mbili, akaongeza nukta iliyosahaulika, akabandika bahasha, akaipeleka posta kwa miguu.