Matanga Katikati ya Kahawa Iliyoiva

Asubuhi ile kahawa ya Protase ilikuwa imeiva, nyekundu, mpaka matawi yanainama kama watu wanaosalimia wakubwa. Kokuberwa alikunja mkeka wake, akajifunga kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, akapanda upande wa juu wa kibanja, shamba la ukoo, kwenda kumlilia mumewe.

Mumewe, Ildefons, alikwisha kufa zamani. Kaburi lake lilikuwa limezama kidogo upande wa miguu, na msalaba wake wa mti wa msizi ulikwisha kubadilishwa mara moja. Lakini Kokuberwa alisema matanga ya mume wake hayakuisha. Yalikatizwa. Na kilichokatizwa, alisema, mwenyewe akipata nguvu anakiendeleza.

Nyuma yake alikuja Consolata na kapu la ebitoke, ndizi za kumenya, akafuata Mwamvita, jirani Mwislamu anayeuza vitumbua kule stendi, na nyuma yao wanawake wote wa kikundi cha kuchumiana kahawa. Hawakubeba vikapu vya kuchumia. Walibeba majani makavu, wakayatandaza kulizunguka kaburi kama yanavyotandazwa nyumba yenye msiba, wakakaa. Consolata akaanza kulia kwa sauti nyembamba ile ya kwake, na wengine wakamwitikia.

Basi huku Kitendaguro, kama Uhayani kote, penye matanga mkono haushiki jembe wala haugusi tunda. Mtu akikaa kwenye majani ya msiba, kibanja kinakaa naye. Jambo hilo halijaandikwa popote, na hakuna asiyelijua.

Protase alilijua vizuri kuliko wote, maana ndiye aliyelivunja. Ildefons alikufa msimu wa kuchuma, na Protase, mdogo wake, alikuja msibani na koti jeusi na macho yakiwa juu ya mikahawa. Majani ya matanga yakiwa bado mapya chini ya makalio ya watu, akaleta vijana wa dukani kwake wakaanza kuchuma. Kokuberwa alikaa na kitambaa chake cha machozi, akasikia kahawa ya mumewe ikidondoka kwenye ndoo za plastiki, to, to, to. Siku ile ile Protase akasimama mbele ya ukoo akasema mwanamke hana kibanja cha ukoo. Mjane akabakiwa na nyumba na ukanda wa chini wenye mawe. Mikahawa ambayo Kokuberwa aliipanda kwa mikono yake, akaibebea samadi kichwani akiwa na mimba, ikawa ya shemeji.

Kokuberwa akachukua jembe, akalima mawe yake. Watu wakasema amepoa. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Miaka iliyofuata kahawa ikashuka bei, ikawa si kitu. Wengine waliing'oa wakapanda maharage. Siku hizi dunia imegeuka. Wanunuzi wanaitafuta kahawa mpaka mlangoni, mnada unapandisha bei, na ng'ambo ya mpaka wa Mutukula wako wengine wanaoitaka zaidi. Kila kitu kinautazama mpaka: sabuni inatoka huko, mafuta ya kupikia yanatoka huko, na vijana waliokuwa wachumaji wamenunua pikipiki au wanapakua mizigo huko. Sangara wa kisiwa cha Bumbire anapita mjini bila kupiga hodi, anakwenda kiwandani. Sisi tunauziwa mifupa yake. Duka la Protase la mabati lilikuwa limelala, kwa sababu wateja wanavuka kutafuta bei nafuu. Akaweka roho yake yote kwenye kahawa. Alikuwa amemwahidi Bashiri, mnunuzi mwenye Fuso, mavuno ya kibanja kizima.

Na angeyafanyia nini hayo mavuno? Hapo ndipo Kokuberwa alipoamka. Fundi mmoja alikula vitumbua vya Mwamvita akamwambia kwamba Protase anajenga vyumba vya kupanga, vya wafanyabiashara wa mpakani, safu mbili na choo cha nje. Choo kinakaa wapi? Fundi akacheka: "Palipo na kaburi. Ameniambia nisawazishe tu, msalaba ni mti, utaoza."

Mwamvita alipolileta neno hilo, Kokuberwa alikuwa anapepeta maharage. Aliendelea kupepeta mpaka yakaisha. Kisha akasema, "Haya. Tukamalizie matanga."

Sasa Protase alifika na vijana wake aliowatoa Muleba, maana mjini hakupata wachumaji. Walishuka kwenye gari na ndoo na maturubai, wanacheka. Walipoona wanawake kwenye majani, kicheko kikakatika. Wa mbele akavua kofia.

"Mbona mmesimama?" Protase aliuliza. "Pandeni, chumeni! Mnalipwa kwa kusimama?"

"Tata, hapa pana msiba," kijana alisema.

"Msiba gani? Huyo alikufa zamani! Mifupa imekuwa udongo!"

Wanawake wakaitikia kilio kwa nguvu zaidi, kama waliosikia habari za kifo sasa hivi. Kijana akaweka ndoo chini. "Labda mjini mnafanya hivyo. Kwetu Muleba hatuchumi mbele ya wafiwa. Mama yangu akisikia atanilaani." Vijana wote wakamsogelea Kokuberwa mmoja mmoja, wakampa pole kwa mikono miwili, wakarudi kukaa kwenye gari.

Protase akamjia shemeji yake. Viatu vyake vya mjini vilizama kwenye majani.

"Mama Koku, mchezo gani huu?"

"Karibu, mulamu wangu. Hata wewe umefiwa. Kaa."

"Nitawaita polisi."

"Waite. Waambie unataka kuwafukuza wanaomlilia kaka yako. Waje na vitambaa."

Mwamvita akaziba mdomo kwa ushungi. Consolata hakuziba kitu, akacheka mpaka machozi yakawa ya kweli.

Protase akamwita mwenyekiti wa mtaa, Johnson, mtu mpole mwenye tumbo. Johnson alikuja, akatazama, akakuna shingo. "Protase ndugu yangu," alisema, "ningekuwa na sheria ya kufukuza wafiwa ningekuazima. Sina." Kisha naye akakaa, kwa sababu kumfikia mfiwa na kuondoka umesimama ni aibu, na ebitoke vilikuwa vimeanza kunukia.

Vijana wa Muleba wakaondoka. Protase hakupata wengine. Kila asubuhi wanawake walipanda, kila jioni waliacha wawili wa kulinda majani. Jua likawa kali, kahawa ikaiva kupita, ikakunjamana, ikawa nyeusi. Kisha ikaja mvua ya upepo kutoka ziwani, ile ya kupiga na kupita, na matunda yakaanza kuanguka.

Hapo ndipo Kokuberwa alipoonja kisasi chake, akakuta si kitamu tu. Ile mikahawa alikuwa anaijua mmoja mmoja. Ule wenye tawi lililovunjwa na mbuzi alikuwa ameufunga kwa kitambaa cha gauni lake. Kila tunda lililoanguka lilimgonga mahali fulani ndani ya kifua. Consolata alimwona akifumba macho.

"Koku, waitu, mwenzangu, tuchume angalau huu wa karibu. Tuweke kwako. Nani ataona?"

"Usiguse."

"Lakini ni mali—"

"Ni mali. Ndiyo maana."

Akafumbua macho, na alichokiona kikamlipa: Protase amesimama barabarani, anasikia kahawa ikianguka kama yeye alivyoisikia ikidondoka kwenye ndoo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Kokuberwa akamtazama taratibu, kuanzia kola mpaka viatu, kama anayechagua kitenge sokoni, wala hakuona haya.

Fuso la Bashiri likapita likitoka Nshambya, limesheheni magunia ya watu wengine. Bashiri alitoa kichwa dirishani. "Protase, pole na msiba. Mimi nimejaza gari."

Kesho yake Protase alikuja na Damian, mkubwa wa ukoo, mzee wa fimbo. Protase alikuwa amekonda. Johnson akaitwa naye, ili awepo wa kusikia.

"Mama Koku," Protase alisema, na sauti haikuwa ya duka tena, "mbele ya mkubwa wetu. Upande wa juu nakurudishia. Wote. Kaburi na mikahawa. Sijengi. Inuka sasa, tuokoe iliyobaki mtini. Nusu yako, nusu yangu."

Damian akagonga fimbo chini. "Ukoo umesikia. Kibanja ni cha Kokuberwa."

"Na mtaa umesikia," alisema Johnson.

Wanawake wote walimgeukia. Iliyobaki mtini ilikuwa bado ya kutosha kulijaza duka la mabati kwa muda, na nusu yake ingempa Kokuberwa bati jipya la jikoni. Alikwisha kushinda. Angeweza kuinuka.

"Nimesikia, mulamu. Mungu akubariki," alisema. Akasogea kidogo, akapigapiga majani kando yake kwa kiganja. "Keti."

"Kuketi? Na kahawa?"

"Kahawa ni yangu sasa, umesema mwenyewe. Nami sichumi nikiwa na msiba. Keti umlilie kaka yako."

Protase alimtazama Damian. Damian alikuwa tayari amekaa, anavua kofia. Kuondoka mbele yake hakukuwezekana. Basi akapiga magoti, akakaa kwenye majani yenye unyevu na suruali yake ya pasi, mgongo wake ukiwa umeielekea mikahawa. Nyuma yake upepo ulipita matawini, na tunda likaanguka, na jingine.

"Mtaanua matanga lini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tutaona," Kokuberwa alisema. "Consolata, mpe sahani. Mfiwa ale."