Mshono wa Wartini

"Hili si langu," Wartini alisema, akalitupa bamba la chuma mezani hata bilauri za chai zikaruka.

Namba yake, kumi na saba, ilikuwa imegongwa pembeni kweli. Lakini mshono wenyewe, pale vyuma vilipoungwa kwa moto! Matundu kama andazi lililochacha, gamba la masalia ya moto limebanduliwa nusu. Mwanamke aliyechambua vyuma chakavu miaka kumi na mmoja, kisha akaunguza nyusi miezi mitatu akijifunza kuchomelea katika chuo hiki cha ufundi cha mji wa Tegal, atoe uchafu huu?

"Mbak Wartini, dada yangu, kushindwa si aibu," alisema mwalimu wao, Pak Darsono, akimimina chai ya yasmini. "Umri nao una mambo yake. Rudi tu kwenye vyuma vyako."

Wenzake wakacheka kicheko cha woga. Kiwanda cha meli kilitaka fundi mmoja, na mtihani wa asubuhi ndio ulioamua. Aliyeongoza alikuwa namba tisa: Guritno, mpwa wa Pak Darsono, bwana wa miaka thelathini ambaye kila mitambo ilipowashwa yeye alikuwa nje anavuta sigara.

Wartini akalivuta bamba namba tisa. Akapitisha kidole juu ya mshono, taratibu, kama mama apapasaye kovu la mwanawe. Moto ukampanda kifuani: huu ndio mshono wake. Namba hugongwa baada ya kuchomelea, kule stoo, na ufunguo wa stoo anao mtu mmoja: Pak Darsono.

Akamgeukia mkaguzi wa kiwanda, Pak Manurung, mtu mnene wa kabila la Wabatak mwenye sauti ya honi.

"Kitendawili, Pak."

"Ati? Saa hizi?" Akacheka. "Haya, tega!"

"Hana mdomo, ila humtaja aliyemzaa."

Pak Manurung akakuna shingo. "Nimeshindwa. Nikupe mji gani?"

"Mji sitaki. Nipe macho yako tu. Ni mshono." Akalisimamisha bamba namba tisa. "Tumechomelea mabamba yakiwa wima. Chuma kikiyeyuka huteremka kidogo, kwa hiyo chini ni huku. Sasa tazama mawimbi yake yanakoelekea."

Mkaguzi akavaa miwani. "Yameanzia kulia, yakaishia kushoto." Akayapekua mabamba mengine, moja moja, bila haraka. "Haya yote yanakwenda kulia. Nani humu anatumia mkono wa kushoto?"

Sauti ya kike ikatoka nyuma: "Ni Wartini peke yake, Pak! Si ndiye aliyekuwa akigongwa vidole kwa rula, mtu mzima na watoto wake!"

Pak Darsono akaweka birika chini. "Tabia hiyo nilishamkomesha! Kushoto ni kwa chooni, si kwa kazi. Mwezi wa pili huu anatumia wa kulia."

"Ukiwa unanitazama," alisema Wartini. "Leo ulikwenda getini kupokea wageni."

Hakuna aliyecheka safari hii.

"Orodha imeshatiwa saini," Pak Darsono akasema. "Ofisi haitaki vurugu za wanawake."

"Saini ya nani, na jasho la nani?" Wartini akapiga meza. "Ungenichukia usoni ningevumilia. Umeniibia mikono!"

"Saini haichomelei meli," Pak Manurung akanguruma. "Leteni mabamba mapya mawili. Guritno, njoo bwana, unioneshe ulivyofanya."

Guritno akamtazama mjomba wake. Akavaa glavu, akazivua, akazivaa tena, ya kulia katika mkono wa kushoto.

Wartini hakumngoja. Akachutama mbele ya bamba jipya, akavaa ngao ya kuchomelea, akatikisa kichwa mara moja nayo ikamshukia usoni. Cheche zikaruka kutoka mkono wake wa kushoto. Watu wote wakageuza nyuso kukwepa mwanga, na ukutani kivuli cha Pak Darsono kikasimama, kirefu kuliko yeye, kikitikisika.